Fundi Tuulize: mashine iko wapi, kazi iko wapi

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja kuhusu zile CNC ndogo za mezani (mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta), hasa hii ya 3018 ambayo siku hizi ukizunguka karakana yoyote huikosi, moja inachonga vibao vya majina, nyingine bodi za umeme, nyingine iko juu ya kabati imefunikwa na kitambaa mwenyewe kakata tamaa. Na nikizisoma naona wengi mnauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti: homu ni nini, ziro ni nini, na kwanini jana ilikuwa sawa leo imechonga nje ya ubao. Nimezipunguza urefu, majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Gerezani Dar natengeneza vibao vya maofisini, nimenunua 3018 kwa mtu imetumika kidogo. Kwenye Candle (programu ya kompyuta ya kuendeshea mashine) kuna kitufe cha Home kina kanyumba, alafu kuna vya Zero, mi nilijua vyote kazi moja. Nikabonyeza ka nyumba, spindo (ile mota inayozungusha biti) ikapanda juu ikagonga mwisho ikaendelea kunguruma tu tena kwa muda mrefu, nikachomoa waya. Sasa naogopa hata kuigusa. Hiyo homu ni ya nini na inawekwaje?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na kwanza usiogope, hujaharibu kitu. Mota za stepa zikigonga zinaruka hatua tu na kupiga ule mngurumo mbaya, hazivunjiki kirahisi hivyo.

Sasa sikiliza. Hiyo mashine haina macho wala haina kipimo chochote cha kujua spindo iko wapi. Inachofanya ni kuhesabu hatua, imeambiwa milimita moja ni hatua 800 (kwa skrubu zile za 3018 nyingi ni hivyo, mota hatua 200 kwa mzunguko, draiva inagawanya mara 16, skrubu inasogea milimita 4 kwa mzunguko, piga hesabu mwenyewe utaona) basi inahesabu, inahesabu, inaamini hesabu yake. Ukizima umeme hesabu inafutika. Ukiwasha tena inajiita 0,0,0 hapo hapo ilipo hata kama spindo imening'inia katikati ya meza. Ni mtu aliyeamka usiku umeme hakuna, hajui kalala upande gani wa chumba, inabidi apapase mpaka aguse ukuta ndo ajue mlango uko wapi. Homu ndo huko kupapasa, na ukuta ni limiti swichi, zile swichi ndogo za mwisho wa kila upande.

Kwa hiyo ukipiga $H (ka nyumba kanatuma hiyo hiyo) mashine yenye GRBL (programu iliyo ndani ya bodi inayoendesha mota) inafanya hivi: inapandisha Z kwanza mpaka iguse swichi ya juu, kwanza Z ili biti isiburuze juu ya kazi yako, inarudi nyuma kidogo, inaigusa tena polepole, inaachia. Alafu X na Y zinaenda pamoja zinafanya vile vile. Ile ya kwanza ya haraka ni ya kutafuta, ya pili ya polepole ndo ya kupima. Sasa yako ilipanda ikagonga ikaendelea kwa sababu swichi ya Z ama haipo ama waya wake umetoka, mwenye mashine wa zamani kawasha homu kwenye setingi alafu swichi labda kazing'oa. Ungeiacha ingesimama yenyewe na kuandika ALARM:9, maana inatafuta mara moja na nusu ya urefu ulioandikwa kwenye setingi alafu inakata tamaa. Ila kama $132 yako imebaki 200 ya kiwandani wakati Z ya 3018 ina milimita 45 tu hivi, basi inatafuta milimita 300 ambazo hazipo duniani, kwa spidi ya 500 kwa dakika hiyo ni zaidi ya nusu dakika ya kunguruma. Ndo maana uliona haiishi.

Fanya hivi taratibu. Usipige $H kwanza. Andika alama ya kuuliza ? kwenye konso (pale pa kuandikia amri), itakujibu mstari una Idle au Alarm na namba. Bonyeza swichi ya X kwa kidole, uliza tena, mwishoni lazima uone Pn:X. Ukiachia ipotee. Fanya kwa Y na Z. Kama inaonyesha kinyume, yaani Pn inatokea ukiwa hujabonyeza, badilisha $5, ilikuwa 0 weka 1. Na hapa kuna mtego, $5 ni moja kwa swichi zote, huwezi kuwa na X ya kufungua na Y ya kufunga, zote ziwe aina moja. Swichi zenyewe ukizigeuza zimeandikwa COM, NO, NC kwenye miguu, COM ni wa pamoja, NO haipitishi umeme mpaka ibonyezwe, NC inapitisha mpaka ibonyezwe. Mimi nasema tumia COM na NC zote, kwa sababu waya ukikatika au ukichomoka mashine inajua saa hiyo hiyo kama vile swichi imeguswa, inasimama (kama $21, ulinzi wa swichi wakati wa kazi, imewashwa). Ukitumia NO waya ukikatika mashine haijui kitu mpaka igonge, na ndo yaliyokukuta.

Zikishakubali zote, $22=1 (hiyo ndo inawasha homu), sukuma spindo na meza kwa mkono (umeme wa mota ukiwa umezimwa, zungusha zile nobu) zikae katikati, washa, mkono mmoja uwe kwenye swichi ya kuzimia, piga $H. Ikianza kwenda, iguse wewe ile swichi kwa kidole kabla haijafika. Ikisimama na kurudi nyuma, umeshinda. Isiposimama zima. Ikiandika ALARM:8 maana yake imeigusa swichi ikajaribu kurudi lakini swichi bado imebonyezwa, ongeza $27, ndo milimita za kurudi nyuma, ni 1 ya kiwandani, weka 2 au 3, hizi swichi zenye ulimi mrefu zinahitaji nafasi.

Ikimaliza utaona namba zimekuwa -1, -1, -1 na wengi hapo ndo wanapiga simu wakidhani imeharibika. Haijaharibika. GRBL inahesabu kona ya mbali, juu kulia nyuma, ndo sifuri, na kila sehemu unayoweza kuifikia inakuwa hasi. Hiyo -1 ni ile milimita moja ya kurudi nyuma kwenye swichi (ukiweka $27=3 utaona -3). Hizo ni namba za mashine, hazikuhusu sana, ziache zikae hasi.

Zinazokuhusu ni namba za kazi. Ubao umeufunga popote kwenye meza, unasogeza biti mpaka kona ya ubao pale ambapo mchoro wako unaanzia, unashusha mpaka kakaratasi kanashikwa kidogo chini ya biti, ndo unasema hapa ni ziro. Hii ndo Zero XY na Zero Z. Ukibonyeza hizo mashine haiendi popote, inaandika tu kwamba kutoka homu mpaka hapa kuna umbali kadhaa. Umbali huo ukiandikwa kwenye nafasi inayoitwa G54 unakaa kwenye kumbukumbu ambayo haifutiki ukizima umeme (baadhi ya programu zinatumia G92 inayofutika, soma jibu la Unguja hapo chini). Namba ya mashine iko wapi sasa hivi ndo haihifadhiwi, kichipu cha hizi bodi kina kumbukumbu ya kudumu ya kilobaiti moja tu na ukikiandikia kila hatua kitachoka mapema.

Sasa unaona kwanini homu na ziro haviwezi kuwa kitu kimoja: homu ni ya mashine, iko pale pale leo na mwakani, ziro ni ya kazi, inahama kila ukibadilisha ubao. Lakini ziro inapimwa kutoka homu, usipopiga homu ukiwasha basi ile G54 ya jana inapimwa kutoka hewani.

La mwisho na hili usiliruke, pima kwa futi X inatembea milimita ngapi kweli kutoka swichi mpaka inapotaka kugonga upande wa pili, punguza mbili tatu, andika kwenye $130, Y kwenye $131, Z kwenye $132, alafu $20=1. Baada ya hapo faili likitaka kuipeleka nje ya meza mashine inakataa, inaandika ALARM:2 badala ya kugonga. Bila homu hii haiwezekani, ukijaribu kuiwasha $22 ikiwa 0 inakuandikia error:10.

SWALI: Niaje fundi, niko Nairobi. Mimi nimejiundia yangu nikifuata mpango wa 3018, meza inasonga mbele nyuma. Nikipiga $H Z inapanda poa, X inaenda kulia kwa swichi poa, lakini Y meza inarudi nyuma na swichi nimeweka mbele, inagonga. Nimeona mtu akisema nibadilishe $23 nikaibadilisha ikaenda mbele lakini maandishi bado yanatoka kama umeyaangalia kwa kioo. Hiyo ya kioo ilikuwa hata kabla. Nishike wapi?

JIBU: Poa sana. Umenipa dawa mwenyewe bila kujua, hiyo ya kioo ndo ugonjwa na homu ni dalili tu.

Kwenye mashine ambayo meza ndo inasonga watu wengi wanachanganyikiwa Y. Namba zinahesabu biti inakwenda wapi juu ya kazi, meza yenyewe inakwenda kinyume chake. Biti iende nyuma ya ubao, yaani Y iongezeke, meza lazima ije mbele kwako. Simama mbele ya mashine, bonyeza Y+, meza ikija tumboni kwako iko sawa. Yako naamini inarudi nyuma. Ndo maana maandishi yanapinduka, na ndo maana homu inaenda upande usio na swichi, maana homu ya kawaida inakimbilia upande wa Y+ na wewe swichi umeiweka mahali sahihi kabisa.

Rudisha $23 kama ilivyokuwa. Nenda $3, hiyo ndo inageuza mwelekeo wa mota. Namba yake ni ya kujumlisha, X ni 1, Y ni 2, Z ni 4. Kama ilikuwa 0 weka 2, kama ilikuwa 5 (X na Z zimegeuzwa) weka 7, kama Y ilikuwa tayari imo ndani toa 2. Au geuza plagi ya mota ya Y, umeme ukiwa umezimwa, usiwahi kuchomoa mota bodi ikiwa na umeme utaua draiva. Fanya moja kati ya hizo mbili, ukifanya zote unarudi ulikotoka.

$23 ni ya mtu ambaye mashine yake inachonga sawa lakini yeye anataka homu iwe kona nyingine. Wengi wanapenda kushoto mbele, wanaweka $23=3, na hapo wakimaliza homu wanaona -299 na -179 badala ya -1, kwa meza ya 300 kwa 180, ni sawa tu, kona ya sifuri haijahama, wao ndo wamesimama mwisho wa pili. Z usiigeuze kamwe. Homu ya Z ikielekea chini utakuja kuniandikia kuhusu kitu kingine.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi naandika kutoka Unguja, nachonga nakshi za vioo na milango midogo kwa ajili ya mahoteli, mashine ni 3018 ina limiti swichi kutoka dukani. Kazi moja inakwenda masaa manne matano. Juzi nimefika nusu umeme umekatika, uliporudi nikaendelea pale programu ilipofikia, nakshi ya pili imekaa pembeni ya ile ya kwanza kama milimita sita, ubao wa mninga umeharibika na ni ghali. Laptopu haikuzima. Tufanyeje sisi watu wa umeme huu?

JIBU: Waalaykum salaam. Pole sana, mninga wenyewe sasa hivi bei yake inauma.

Kilichokuua ni hiyo laptopu kutozima. Bodi ya hizi mashine inapata umeme sehemu mbili, mota na spindo zinakula zile volti 24 za adapta, kichipu kinachofikiri kinaweza kula volti 5 za waya wa USB. Umeme wa ukutani ukikata, mota zinakufa lakini laptopu ina betri kwa hiyo kichipu kiko hai, na hakina habari. Kinaendelea kupokea mistari, kinaendelea kuhesabu hatua ambazo hakuna mota inayozitembea, na kwenye skrini unaona kale kaalama kanachonga vizuri kabisa huku mashine imekufa. Umeme ukirudi mota zinaanza kutembea kutoka pale zilipokwama wakati kichipu kinaamini kiko mbele. Hizo ndo milimita sita zako.

Kwa hiyo umeme ukikata kitu cha kwanza mbio kasimamishe programu, na namba za kwenye skrini kuanzia dakika hiyo usiziamini hata moja. Angalia kwa macho biti imesimama wapi kwenye nakshi, weka alama ya penseli. Kisha kabla umeme haujarudi zungusha nobu ya Z kwa mkono biti itoke kwenye mbao. Homu ingeipandisha yenyewe lakini spindo haizunguki na biti imebanwa, sipendi kuilazimisha.

Umeme ukirudi, riseti, piga $H. Hapa ndo faida ya swichi. Mashine inarudi kona yake ile ile na G54 uliyoiweka asubuhi bado ipo. Mwambie G0 Z5 alafu G0 X0 Y0 uone ncha inasimama juu ya alama yako ya kuanzia. Ndo maana nasema kila kazi ndefu kabla hujaanza choma katundu kadogo pale kwenye ziro, sehemu ya ubao itakayotupwa, hako ndo shahidi wako. Utakuta iko sawa au imepotea kidogo sana, nakshi ya mninga haioni hiyo.

Sasa kutafuta mstari. Usianzie ule wa mwisho programu iliyosema, umeshajua mstari huo unadanganya. Tafuta kwenye faili sehemu ambayo biti inapanda hewani, mistari ya G0 Z5 au namba yoyote uliyoweka ya usalama, iliyotangulia alama yako ya penseli, anzia hapo. Kurudia kuchonga hewa kwa dakika kumi ni bure, ubao sio bure. Programu nyingi zina kitufe cha kuanzia mstari unaotaka, lakini hakikisha umetuma mwenyewe kwanza yale ya mwanzo wa faili, G21 (milimita), G90 (namba zihesabiwe kutoka ziro), spindo iwake na M3 na S yake (spidi ya kuzunguka), na F (spidi ya kutembea), maana ukianzia katikati mashine haijayasikia.

Kuna sharti moja. Yote haya yanakubali kama ziro yako imeandikwa kwenye G54, amri yake ni G10 L20 P1 X0 Y0 Z0. Baadhi ya programu kitufe cha ziro kinatuma G92, na G92 ukiriseti imekwenda. Jua yako inatuma ipi kwa kuandika $# baada ya kubonyeza ziro, utaona mistari ya G54 mpaka G59 na G92, angalia namba zimeingia kwenye upi. Zikiingia G92 achana na kitufe, andika amri kwa mkono au itengenezee kitufe chako. Na ule mstari wa G54 nakili kwenye daftari kila kazi, ni namba tatu tu.

UPS ndogo ya kompyuta ndo jibu la pili. Haitamaliza nakshi yako lakini inakupa dakika za kubonyeza pozi, spindo ikapandishwa kistaarabu, na ukisimamisha kwa pozi kabla ya riseti hesabu haipotei. Iunge adapta ya mashine sio laptopu, laptopu tayari ina betri, nimeona watu wamefanya kinyume.

Na ukiwa kwenye setingi weka $1=255. Ya kiwandani ni 25, maana yake mota zikisimama tu zinaachiwa baada ya milisekunde 25, ukigusa meza au ukibana klempu inasogea na mashine haijui. Kwa 255 zinabaki zimeshika muda wote. Zitapata joto kidogo, ni kawaida.

SWALI: Fundi mi niko Mombasa, homu inafanya kazi vizuri kabisa kila siku lakini nikiwasha spindo tu wakati mwingine inaniletea ALARM:1 na hakuna swichi iliyoguswa. Wakati mwingine katikati ya kazi. Nimebadilisha swichi zote tatu bado.

JIBU: Swichi hazina kosa, umezionea bure. ALARM:1 ni limiti imeguswa wakati wa kazi, na kichipu kimeona kuguswa kwa sababu waya za swichi zako zimelala ubavuni mwa waya za spindo, si ndio? Ile mota ya brashi inatoa cheche ndani na waya mrefu wa swichi unazipokea kama antena. Na kivutio cha ndani ya kichipu cha kushikilia waya kwenye volti 5 ni dhaifu, kilo-om 20 mpaka 50, kelele ndogo tu inaushinda.

Tenganisha waya kwanza, spindo upande huu swichi upande ule, hiyo peke yake inaponya wengi. Haijatosha, kwenye bodi kati ya waya wa swichi na ethi solda kapasita ya 100nF, na ukiweza rizista ya kilo-om 4.7 kutoka waya wa swichi kwenda volti 5. Bado, tumia waya wenye wavu ndani, wavu uunge ethi upande wa bodi tu. Kama umetumia NO hamia NC, inavumilia kelele zaidi, usisahau $5.

Au fanya ninavyofanya mimi kwa mashine ndogo, na najua kuna watakaonibishia: zima $21, ile inayosimamisha mashine swichi ikiguswa katikati ya kazi. Swichi ziwe za homu tu, na kazi ya kulinda mwisho wa meza iachie $20 ambayo inajua mipaka kwa hesabu. Hii 3018 haina nguvu ya kukudhuru ikigonga. Kwenye mashine kubwa ya chuma sitakushauri hivyo hata kidogo. Lakini ukiona ALARM:1 imetokea katikati ya kazi usibonyeze $X (amri ya kufuta alamu) ukaendelea, mota zilisimamishwa ghafla zikiwa kwenye mbio, hesabu imeshapotea, piga homu upya.

SWALI: Habari ya kazi. Mimi nina mtazamo tofauti. Niko Mwanza nina 3018 haina swichi hata moja, nachonga vizuri tu mwaka wa pili huu, naweka biti kona ya ubao naweka ziro naanza. Hizi homu naona ni mbwembwe za kuongeza waya. Au nakosea?

JIBU: Hukosei kwa kazi zako. Kazi fupi, ubao mmoja, faili moja, unakaa pembeni mpaka iishe, homu itakusaidia nini? Hakuna. GRBL yenyewe kutoka kiwandani inakuja homu ikiwa imezimwa, Simen Svale Skogsrud aliyeianzisha mwaka 2009 aliitoa bure kwa ajili ya bodi za Arduino na mashine za watu wa kujiundia, na wengi wao swichi hawakuwa nazo.

Itakuja kukuuma siku unapata oda ya vibao vingi vinavyofanana. Wenye swichi wanapigilia vipande viwili vya MDF mezani vya pembe mraba, ubao unasukumwa unakaa pale, G54 imewekwa mara moja wiki nzima, asubuhi ni homu, ubao, anza. Wewe kila ubao unaanza upya na kakaratasi. Hata na G55 wanaweka kona ya pili kwa kazi nyingine bila kufuta ya kwanza.

Kama hutaki waya kuna homu ya maskini. Kabla ya kuwasha umeme zungusha nobu taratibu mpaka spindo iegemee vipande vya mbao ulivyovibana mwisho wa X na Y, ndo uwashe. Mashine itajiita 0,0,0 hapo na kila siku itakuwa karibu pale pale, sio sawasawa, inategemea mkono wako uliegemeza kwa nguvu gani, lakini kwa herufi za kibao cha duka inatosha. Swichi tatu za ulimi ni rahisi kuliko mninga mmoja lakini, nimesema tu.

SWALI: Assalaam alaykum, niko Maskati, kazi yangu ni bodi za umeme za shaba. Nachonga njia kwa biti ya V, alafu natoboa matundu kwa biti ya 0.8, alafu nakata nje. Nikibadilisha biti napiga homu tena ili ipate ziro lakini matundu yanatoboka nusu tu au biti inagonga inavunjika. X na Y ziko sawa kabisa.

JIBU: Waalaykum salaam. Homu ya Z inajua spindo iko juu kiasi gani, biti imetokeza urefu gani chini ya spindo hiyo haijui na haitajua. Umefunga biti nyingine urefu umebadilika, ziro ya Z imekufa, ya X na Y iko hai. Basi kila ukibadilisha biti usiguse X wala Y, weka Z peke yake upya.

Na kwa shaba usitumie kakaratasi, unachonga kina cha sehemu ya kumi ya milimita na karatasi yenyewe ni unene huo huo. Bodi yako ina pini ya probu, kwenye Arduino ni A5. Klipu moja kwenye biti, nyingine kwenye shaba, shusha biti iwe karibu, spindo imezimwa, andika G38.2 Z-10 F30, inashuka mpaka iguse shaba inasimama yenyewe. Hapo hapo G10 L20 P1 Z0. Kisha G0 Z5 na utoe klipu kwenye biti kabla ya kuwasha spindo. Kabla hujaanza jaribu kwanza kugusanisha klipu mbili kwa mkono ukiuliza ? uone Pn:P inatokea, maana klipu ikiwa imetoka mashine haitaisikia shaba mpaka biti ikatike.